Leta ikitaka parseli yako: sheria inaruhusu nini, na inakataza nini

Katika miji mingi ya Kongo, mwenye nyumba anasoma habari ya kwanza kwenye ukuta wake mwenyewe: msalaba wa rangi nyekundu, na pembeni maneno ya Kifaransa « à démolir ». Hakuna barua, hakuna jina la mkubwa aliyetuma wapiga rangi, hakuna tarehe. Majirani wanakuja kuangalia, kila mutu anatoa shauri lake, na mwisho mzee mmoja anasema yale yanayosemwa kila mara: udongo ni wa Leta, Leta ikiuhitaji utafanya nini?

Kuna mengi ya kufanya. Sheria ya Kongo haijui msalaba mwekundu. Inajua karatasi iliyotiwa sahihi na mutu mwenye ruhusa ya kuitia, inajua barua inayofika mkononi, inajua mwezi mmoja wa kujibu, wapimaji, tribinali, na feza inayolipwa mbele ya watu kutoka. Shida ni kwamba sheria hiyo imeandikwa kwa Kifaransa kigumu, ni ya mwaka 1977, na wengi wanaoitumia juu ya watu wanatumaini kwamba watu hao hawajaisoma.

Juu ya nini Sakania

Teritwari ya Sakania ni ile sehemu ya Haut-Katanga inayoingia ndani ya Zambia sawa vile mguu wa buti. Reli ilitoka kusini, upande wa Ndola, ikafika Sakania mwaka 1909, mwaka mmoja mbele ya kufika Lubumbashi ambayo wakati ule iliitwa Elisabethville. Toka siku hiyo eneo lote limekuwa mlango. Malori yanapita Kasumbalesa, yanapita Mokambo, yanapita Sakania yenyewe, yakibeba shaba na kobalti kwenda bahari na kurudi na unga, mafuta, simenti na asidi. Kando ya mlango kuna migodi: Frontier karibu na Sakania, mgodi wa Lonshi, na Kinsenda na Musoshi upande wa Kasumbalesa.

Mlango ukipanuliwa, mutu fulani anahama. Barabara mpya, parkingi ya malori, ofisi za duane, mstari wa umeme, kiwanja cha kampuni: yote hayo yanahitaji udongo, na udongo ulio kando ya barabara njo huohuo watu walionunua kwanza, juu ya biashara iko pale. Kwa hiyo mjane mwenye duka la unga Kasumbalesa na mlimaji wa mahindi nyuma ya Mokambo wana swali moja, hata kama hawajuani.

Udongo wa Leta, nyumba ya nani?

Mzee anayesema udongo ni wa Leta hasemi uongo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, katika kifungu cha 53, inasema udongo ni mali ya Leta peke yake, mali isiyouzwa na isiyopotea kwa kupita kwa miaka. Fikira hiyo ni ya zamani kuliko Mobutu. Tarehe 1 Julai 1885, wakati wa Mfalme Leopold, ilitoka amri kwamba ardhi zote « zisizo na mwenyewe » ni za Leta, na wazungu njo waliokuwa wakiamua nani ni mwenyewe na nani si mwenyewe. Katanga ikawekwa chini ya Comité Spécial du Katanga kuanzia 1900. Kisha Lipanda, sheria Bakajika ya mwaka 1966 ikarudisha udongo na utajiri wa chini yake kwa Leta ya Kongo. Mwenye kukamata alibadilika, fikira ikabaki.

Lakini sheria hiyohiyo ya 1973 inasema Leta inaweza kumpa mutu haki juu ya udongo wake, na haki hiyo ni mali. Mukongomani anaweza kupata konsesio ya milele. Mgeni au kampuni anapata konsesio ya miaka. Haki hiyo inaandikwa katika kitabu cha Konservateri wa hati za ardhi, na mwenyewe anapewa sertifika. Sertifika ikimaliza miaka 2 bila mutu kuishambulia mbele ya tribinali, haishambuliwi tena. Na nyumba iliyojengwa juu ya parseli, miti iliyopandwa, kisima, ukuta, hivyo ni vya aliyevifanya. Leta ina udongo; haina matofali yako.

Juu ya hiyo yote iko Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 34 kinaanza na neno zito: mali ya mutu ni takatifu. Kisha kinasema Leta inalinda mali ya mutu mmoja na mali ya watu wengi pamoja, iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Kinasema tena kwamba hakuna anayeweza kunyanganywa mali yake isipokuwa kwa faida ya watu wote, na kwa malipo ya haki yanayotolewa mbele. Maneno mawili ya Kifaransa yanafaa kukumbukwa yenyewe sababu yataandikwa kwenye kila karatasi ya avoka: juste na préalable. Juste, maana yake bei ya kweli. Préalable, maana yake kwanza feza, kisha kutoka. Ahadi ya kulipwa nyuma si préalable. Na kifungu kinamaliza kwa kusema mali haikamatwi bila uamuzi wa hakimu mwenye ruhusa.

Hapa panahitaji uangalifu kidogo juu ya karatasi, sababu watu wengi wanachanganya. Karatasi ya chefu wa kijiji, fishi ya parseli kutoka komine au kartie, na kontra ya lokasio si sertifika. Kontra ya lokasio ni ya muda mfupi, kwa kawaida miaka 3, na inadai mwenyewe ajenge. Asipojenga, Leta inaweza kurudisha parseli bila kupita njia ya ekspropriasio. Wengi walipotea hapo: walinunua, wakazungusha ukuta, wakangoja feza ya kujenga, na muda ukaisha. Lakini kukosa sertifika si kukosa haki yote, na hili litaonekana chini.

Njia ya sheria ya 1977

Sheria namba 77-001 ya tarehe 22 Februari 1977 njo inayosema namna Leta inavyopashwa kufanya. Ndani yake bado mnasomeka majina ya wakati wa Zaire. Waziri anaitwa « commissaire d'Etat ». Lakini ni sheria hai, na hakimu anaifuata.

Inaanza na swali la nani anaamua. Kama ni nyumba au viwanja vinavyojulikana kimoja kimoja, anayeamua ni waziri wa kitaifa mwenye kazi ya ardhi, kwa arete. Kama ni eneo zima, tuseme kartie nzima ya kupanga upya, ni Rais wa Jamhuri kwa ordonansi. Orodha inaishia hapo. Chefu wa kartie hamo. Burgumestre hamo. Administrateri wa teritwari hamo. Komanda wa polisi hamo, na dairekta wa kampuni vilevile hamo. Hawa wanaweza kuleta barua, wanaweza kuita mkutano, lakini hawawezi kuamua ekspropriasio. Swali la kwanza la kumuuliza anayekuja na rangi ni hili tu: arete namba ngapi, ya tarehe gani, sahihi ya nani?

Arete yenyewe inapashwa kusema kazi gani itafanywa kwa faida ya watu wote, itaje watu wanaoguswa, iwe na ramani ya mali zinazochukuliwa, iseme na muda wa kutoka. Inatangazwa katika Journal officiel. Kisha inamfikia kila mwenye mali kwa barua ya posta yenye karatasi ya kupokea, ao kwa mjumbe anayeitoa mkononi na kuchukua sahihi. Kwa ardhi ya desturi, sheria inaongeza jambo ambalo wanavijiji wachache wanalijua: watu wa kijiji wanapashwa kuelezwa kwa mdomo na mkubwa wa serikali wa eneo ao mjumbe wake, na maelezo hayo yanaandikwa katika ripoti. Mwenye kutunga sheria alijua kwamba karatasi ya Kifaransa iliyobandikwa kwenye mti haimfikii mama anayetoka shambani.

Kutoka siku ya kupokea barua, mwezi 1 unaanza kuhesabika. Ni mwezi wa kuandika malalamiko: ramani imekosea, jina si langu, tuko ndugu 4 kwenye parseli hii, kuna kisima hamkukihesabu, kuna wapangaji. Mwezi huu unapotezwa sana, juu ya watu wanaukimbiza kwenye ofisi za wakubwa wakitafuta mutu wa kuzungumza naye. Kuzungumza si kubaya. Lakini barua iliyopokelewa na kupigwa muhuri njo inayobaki.

Mwezi ukiisha, Leta inaleta bei. Bei haitoki kichwani mwa mutu. Inatoka kwenye ripoti iliyotiwa sahihi na wapimaji 2 wa kadastra, na mtaalamu wa kilimo anaingia kama ni mashamba. Mwenye mali akikubali, wanaandika mapatano. Akikataa, ni Leta inayopashwa kumpeleka mbele ya tribinali, si yeye kuikimbiza Leta. Tofauti hii ni kubwa. Aliyekataa bei anaweza kukaa nyumbani kwake akingoja kuitwa.

Tribinali ina kazi 2: kuangalia kama njia ilifuatwa, na kupanga malipo. Inachagua wataalamu 3, nao wanapewa siku 60 za kuleta ripoti, zinazoweza kuongezwa. Bei inahesabiwa kwa thamani ya mali siku ya hukumu inayosema njia ilikuwa sawa. Si thamani ya mwaka uliopita, wala ile iliyoandikwa katika franka kabla franka haijaanguka. Kwa nchi ambayo bei ya simenti inabadilika kati ya asubuhi na magaribi, hilo si jambo dogo.

Kisha inakuja sehemu yenye meno. Feza inapashwa kulipwa mbele mali haijabadilishwa jina katika kitabu cha Konservateri, na isipite miezi 4 kutoka siku ya hukumu iliyopanga malipo. Miezi 4 ikipita bila feza, mwenye mali anaweza kuomba ekspropriasio yote ivunjwe, pamoja na fidia ya hasara. Na mpaka alipwe, sheria inasema anabaki ndani ya nyumba yake. Watu waliotoka wakiwa na karatasi ya ahadi mkononi waliacha silaha yao kubwa nyuma ya mlango.

Fasi ya reli na barabara

Yote yaliyosemwa hapa juu ni kwa mwenye haki. Aliyejenga ndani ya kipande cha reli ya SNCC, chini ya waya kubwa za umeme, ao juu ya njia ya maji, yuko katika mali ya umma. Huyo Leta haimfanyii ekspropriasio, inamuondoa, na kwa kawaida bila malipo. Njo sababu neno la kwanza la wakubwa mara nyingi ni « mulijenga fasi mbaya ». Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine reli ilikuwa pale toka 1909, lakini ofisi ya Leta ileile iliuza kipande hicho, ikachukua feza ya kupima, ikatoa na karatasi. Mwenye karatasi kama hiyo aitunze vizuri, juu ya mtumishi aliyeitia sahihi na ofisi yake wanaweza kuulizwa mbele ya hakimu, na hasara ikadaiwa.

Kampuni ya mgodi si Leta

Kwa wakaaji wengi wa Sakania, anayehitaji udongo ni kampuni yenye ruhusa ya kuchimba, na Leta iko mbali. Hapo sheria ni nyingine: Kode ya migodi ya tarehe 11 Julai 2002, iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018.

Ruhusa ya kuchimba inampa kampuni haki juu ya madini ya chini. Juu ya uso wa udongo, watu waliokuwa pale wanabaki na haki zao. Kifungu cha 279 kinasema kampuni haiwezi kukalia bila ruhusa ya mwenyewe kiwanja kilicho chini ya metre 180 kutoka kwenye nyumba, hata nyumba ambayo kwa sasa haina watu. Wala chini ya metre 45 kutoka kwenye shamba lililolimwa. Wala chini ya metre 90 kutoka kwenye ferme ya ngombe ao hifadhi ya maji ya mutu. Makaburi nayo yanalindwa. Kifungu cha 281 kinasema anayenyimwa matumizi ya udongo analipwa kodi yake, ao thamani ya kiwanja ikiongezwa nusu. Shamba la dola 1 000 ni dola 1 500. Toka 2018 kanuni za migodi zina sehemu nzima juu ya kuhamisha watu, kuwalipa na kuwajengea upya, na kampuni inapashwa kuweka 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vinavyoguswa. Hizi 0,3 kwa mia ni za kijiji. Hazichukui fasi ya malipo ya mwenye shamba. Kampuni inayosema « tumewajengea shule » kwa mutu anayedai bei ya mihogo yake inajibu swali lingine.

Kawama, 2009

Kinachotokea kama njia yote hii inarukwa, Haut-Katanga inakijua. Kawama ni kijiji kilicho karibu na Lubumbashi, kando ya mgodi wa Luiswishi. Tarehe 24 na 25 Novemba 2009 polisi ilifika kufukuza wachimbaji wa mikono walioshitakiwa kuiba mawe ya mgodi. Matingatinga ya Entreprise Générale Malta Forrest yakatumika, na mamia ya nyumba yakabomolewa, pamoja na maduka. Hapakuwa na arete ya waziri, hapakuwa na wapimaji, wala bei.

Kampuni ilikana kwamba nyumba za wakaaji wa kudumu ziliguswa. Miaka 5 nyuma, Novemba 2014, Amnesty International ilitoa ripoti ikiweka picha za setelaiti za mbele na za nyuma ya siku hizo, na nyumba zinaonekana kwanza, kisha hazionekani. Ripoti ilisema vilevile kwamba muendesha mashtaka aliyetaka kufungua kesi alizuiwa. Waliobomolewa walibaki kubeba wenyewe kazi ya kuonyesha kwamba walikuwa na nyumba. Nani alikuwa na picha ya nyumba yake? Nani alikuwa na karatasi ambayo haikubaki chini ya matofali?

Na wakubwa nao hunyanganywa. Mgodi wa Frontier, palepale Sakania, ulianza kutoa shaba mwaka 2007 chini ya First Quantum ya Kanada. Mwaka 2010 Cour suprême iliamua kwamba haki za Frontier na za Lonshi ni za Sodimico, kampuni ya Leta, na mwezi wa Agosti kazi ikasimama. Serikali ilisema haikunyanganya, ilirudisha haki kwa mwenyewe. First Quantum ilisema ilinyanganywa, ikaenda mbele ya waamuzi wa kimataifa. Mwisho, Januari 2012, ENRC iliyokwisha kuingia katika mali hizo ilikubali kulipa First Quantum dola miliari 1,25 kwa Frontier, Lonshi na mali zingine za Katanga. Anayeweza kulipa maavoka wa London alipata njia ya kutoka na feza. Mkaaji wa Kawama hana waamuzi wa kimataifa, ana sheria ya 1977 tu. Kwa hiyo ni yeye anayehitaji zaidi sheria hiyo ikazwe.

Sheria inavuja wapi

Kushikilia sheria si kusema ni nzuri yote. Tundu la kwanza ni neno « faida ya watu wote ». Sheria ya 1977 inalipanua sana: uchumi, ulinzi, usafi, barabara, majengo, mashamba makubwa na mifugo, utalii, hata uzuri wa mahali. Katika uchumi mutu anaweza kuingiza chochote. Na hakimu anaulizwa kama njia ilifuatwa na kama bei ni ya haki. Kama barabara ile ilihitajika kweli kupita pale, hilo linaachiwa waziri.

Si Kongo peke yake. Marekani mwaka 2005, katika kesi ya Kelo na mji wa New London, mahakama yao kubwa iliruhusu, kwa majaji 5 juu ya 4, mji uchukue nyumba za watu ili kampuni za kibinafsi zijenge na kuleta kazi. Watu walikasirika mpaka majimbo zaidi ya 40 yakabadilisha sheria zao kupunguza nguvu hiyo. Na kile kiwanja cha New London kilibaki majani kwa miaka mingi. Waliotarajiwa kujenga hawakujenga. Habari hii inafaa kusomwa na kila mbunge wa jimbo anayeamini kwamba neno « muwekezaji » linatosha kuwa faida ya watu wote.

Tundu la pili ni ardhi ya desturi. Sheria ya 1973 iliahidi ordonansi ya Rais ya kupanga haki za vijiji juu ya ardhi zao, na miaka zaidi ya 40 ikapita bila ordonansi hiyo. Kijiji kinalima mahali ambapo babu walilima, Katiba inasema mali ya desturi inalindwa, sheria ya 1977 inataja wazi haki za jamii za mahali kati ya haki zinazolipwa, lakini siku ya kupima mpimaji anauliza: karatasi iko wapi? Kenya, katika Katiba yake ya 2010, iliandika kwamba waliokaa kwa nia njema bila hati wanaweza kulipwa nao. Tanzania, katika sheria zake za ardhi za 1999, inadai fidia kamili, ya haki na ya haraka, na inahesabu ndani yake thamani ya sokoni, usumbufu, usafiri, faida iliyopotea, na riba kama malipo yanachelewa. Huko pia watu wanalalamika kwamba yanachelewa. Lakini wanaweza kuonyesha kifungu kinachohesabu usumbufu. Mama wa Kasumbalesa ambaye duka lake linahamishwa kilometre 3 kutoka barabarani anapoteza wateja kuliko anavyopoteza matofali, na sheria ya Kongo haisemi wazi nani atahesabu wateja.

Msalaba ukionekana kesho

Arete iombwe kwa barua, na kopi ya barua ipigwe muhuri wa kupokelewa. Kama arete iko, hesabu mwezi 1. Kama haiko, kubomoa ni kosa, na polisi haina nguvu bila hukumu. Malalamiko yanaweza kwenda kwa muendesha mashtaka siku hiyohiyo.

Picha zipigwe mbele ya kitu chochote kuguswa: nyumba kwa pande zote, kisima, choo, ukuta, miti mmoja mmoja. Miembe na miavoka inahesabiwa, na mti unaozaa haulingani bei na mche. Karatasi zote zipigwe kopi, na kopi zikae kwa ndugu anayeishi fasi nyingine. Ukuta ukianguka, simu yenye picha inaanguka nao.

Mpimaji akija, jina lake na ofisi yake viandikwe, na mwenye nyumba asome mbele ya kutia sahihi. Karatasi tupu isitiwe sahihi, hata ikisemwa ni ya « kuhudhuria » tu. Sahihi ya kuhudhuria imekwisha kugeuka sahihi ya kukubali bei.

Kwenda kwa kundi ni bora kuliko kila mutu peke yake, sababu bei inayotolewa kwa siri kwa mmoja inawavunja wengine 20. Wasiokuwa na feza ya avoka wanaweza kuuliza Bureau des consultations gratuites ya maavoka, iliyowekwa na sheria ya maavoka ya mwaka 1979. Inadai karatasi ya kuonyesha kwamba mutu hana uwezo.

Na kwa waliokwisha kutoka na kulipwa, wakaona miaka inapita na kiwanja chao kimebaki majani ao kimeuzwa kwa mutu mwingine: sheria ya 1977 inasema mali isiyotumika kwa kazi iliyotangazwa inaweza kurudishwa kwa wenyewe wa zamani. Leta inatoa tangazo kwa njia ileile ya arete, na wenyewe wana miezi 3 ya kusema kama wanaitaka tena. Wakinyamaza miezi hiyo 3, haki inapotea. Tangazo likikosa kutoka, barua ya kuliomba ipelekwe kwa waziri wa ardhi, na kopi yake kwa Konservateri.